Shaba, mwavuli na bakuli la katikati

Jioni moja mvua imenikamata njiani, naingia ndani nimelowa mpaka soksi, mkononi nina mwavuli nimeukunja unachuruzika maji, na Shaba kama kawaida yake kaja mlangoni mbio, mkia unazunguka kama feni. Akauona mwavuli. Aisee, mbwa mzima aligeuka gogo. Masikio yakalala nyuma, mkia ukaingia katikati ya miguu, tumbo likashuka mpaka likagusa sakafu, alafu taratibu, bila kelele yoyote, akajikojolea pale pale. Hakubweka wala hakukimbia. Alibaki kanikodolea mkono. Sio uso, mkono.

Shaba nilimchukua akiwa mkubwa tayari, waliokuwa naye mwanzo walihama wakamwacha. Sijui walimfanya nini na sitaki kumsingizia mtu, ila kwenye paji la uso ana kovu refu kama kidole ambalo manyoya yamegoma kuota, na ukishika fagio tu yuko chini ya meza. Fagio, fimbo, mpini wa reki, bomba la pazia, na sasa mwavuli. Chochote kirefu chembamba kilicho mkononi mwa mtu. Kikiwa kimelala chini hana habari nacho, nishamkuta kalala kabisa juu ya mpini wa fagio anakoroma. Kwahiyo anachokiogopa sio fagio, ni fagio lililoshikwa.

Wahenga walishalisema hili zamani, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii nimeisikia tangu shule ya msingi na siku zote nilikuwa naichukulia kama ya kumcheka mwoga hivi, mpaka siku ya mwavuli ndo nikaisikiliza vizuri. Angalia walichochagua. Hawakusema kamba nene iliyojikunja, ambayo hata mi gizani ningeiruka, wamesema ung'ongo, kipande cha jani kilichochanwa cha kusukia, kitu chepesi ambacho upepo unakibeba. Mfanano wenyewe na nyoka ni wa kulazimisha. Ila kwa aliyeumwa unatosha.

Sasa mwavuli sio ulionifanya nikae niandike yote haya. Mwavuli unaeleweka, umefanana na fimbo, basi. Kilichonisumbua ni bakuli.

Bakuli la Shaba linakaa kwenye kona moja miezi yote. Siku hiyo nilikuwa napiga deki nikalisogeza, nikalisahau katikati ya korido na chakula kikiwa ndani. Shaba akaja, akasimama hatua kama nne hivi, akaliangalia. Akaniangalia mimi. Akajilamba midomo, akapiga miayo (na hakuwa na usingizi, mbwa akiwa na wasiwasi anapiga miayo pia), akageuza kichwa pembeni kama mtu anayejifanya hajaona mdai wake. Mdogo wangu alikuwepo, akacheka sana, "Dada, huyu mbwa wako kichwani hamna kitu, bakuli lake mwenyewe halijui!" Na kweli ukiangalia juu juu utasema hivyo. Hilo bakuli halijawahi kumpiga mtu. Halifanani na fimbo, ni la duara, halijashikwa na mkono, na harufu ya chakula inatoka hapo hapo. Kwanini asite?

Nikaanza kusoma, na kumbe kuna watu swali hilo ndo kazi yao.

Mwaka 2004 kwenye jarida la Nature, Emma Harding, Elizabeth Paul na Michael Mendl wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walitoa jaribio fupi tu ambalo limezaa karibu kila kitu nitakachosema hapa. Waliwafundisha panya sauti mbili. Ukisikia hii, bonyeza kibao, chakula kinakuja. Ukisikia ile nyingine, usibonyeze, ukibonyeza unapigwa kelele mbaya. Panya akishazijua hizo mbili vizuri, nusu yao wakaachwa waishi maisha yaliyotulia na nusu wakapewa maisha ya vurugu ndogo ndogo zisizo na ratiba, leo matandiko yamelowa, kesho kizimba kimeinamishwa, siku nyingine kaletwa panya mgeni. Hakuna aliyeteswa sana, ila hakuna siku ya kutabirika. Alafu wakawachezea sauti za katikati, ambazo sio ile ya chakula na sio ile ya adhabu, sauti ambazo hawajawahi kuzisikia na hazina historia yoyote nao.

Panya wa maisha ya vurugu walibonyeza mara chache zaidi, na waliobonyeza walichelewa, hata kwa sauti iliyokuwa karibu kabisa na ile ya chakula. Yaani kitu cha katikati walikisoma kama habari mbaya.

Sijui kama uzuri wa jaribio hili unaonekana haraka, mi ilibidi nilirudie mara mbili. Ukitaka kujua mnyama anajisikiaje huwezi kumuuliza. Ukimpa kitu kizuri kinachojulikana, mwenye huzuni na mwenye furaha wote watakifuata. Ukimpa kitu kibaya kinachojulikana, wote watakikimbia. Kwenye vitu vilivyo wazi wote wako sawa. Ni pale pasipo na jibu ndo kila mmoja anajaza jibu lake mwenyewe, na kile anachojaza ndo kinamfichua.

Na sisi ni hivyo hivyo. Mtu akikutumia meseji "nipigie ukipata nafasi", bila salamu bila emoji, saa nne usiku. Siku ambayo mambo yako yako sawa unapiga huku unapika. Ila kama mara ya mwisho meseji ya namna hiyo ilikuja na habari ya msiba, hapo hapo moyo unaanza kwenda mbio, na kabla hujabonyeza namba umeshazika watu watatu kichwani. Meseji ni ile ile. Maneno ni yale yale matatu.

Hapa kuna kitu kimoja ambacho naona wengi wanakichanganya, na mi mwenyewe nilikichanganya mwanzoni. Kuna mambo mawili tofauti yanayofanywa na kumbukumbu ya woga.

La kwanza ni woga kusambaa kwenda kwa vitu vinavyofanana. Fimbo, fagio, mwavuli. Hili limechunguzwa miaka mingi. Moja ya majaribio yaliyonikaa ni la Supriya Ghosh na Sumantra Chattarji kule Bangalore, India, la mwaka 2015. Panya walifundishwa sauti mbili, moja ilifuatwa na shoti ya umeme miguuni na nyingine haifuatwi na kitu. Shoti ikiwa ndogo, panya anajua vizuri kutofautisha, anaganda kwa sauti mbaya tu, ile nyingine inapita anaendelea na mambo yake. Shoti ikiwa kali zaidi, anaganda kwa zote mbili. Na walikuwa wanasikiliza seli moja moja kwenye amigdala, hicho kijisehemu cha ubongo chenye umbo la lozi kinachoshughulika sana na woga, wakaona seli zilizokuwa zinaitikia sauti mbaya peke yake zimegeuka zinaitikia zote. Yaani maumivu yakizidi kiwango, mnyama anaogopa zaidi na hapo hapo uwezo wake wa kutenganisha unapungua. Badala ya "ile sauti" inakuwa "sauti".

Alafu muda nao unachangia, na sio kwa upande tunaoutegemea. Tunasema muda unaponya. Brian Wiltgen na Alcino Silva walionyesha mwaka 2007 kwamba panya wadogo waliopigwa shoti ndani ya sanduku fulani, kesho yake wanalitofautisha sanduku lile na lingine lililofanana nalo kidogo. Baada ya wiki kadhaa hawatofautishi tena, woga upo pale pale ila maelezo yamefutika. Kinachobaki ni kiini, "mahali pa sanduku sanduku ni pabaya". Nilipoisoma hii nilikumbuka namna mtu anavyosimulia ajali ya zamani, rangi ya gari kaisahau, siku kaisahau, ila kila akisikia breki anashika kiti.

La pili ndo la bakuli, na ndo linaloniuma zaidi. Hapa kitu sio lazima kifanane na kilichokuumiza. Wala hakuna haja ya kuwa na uhusiano nacho wowote. Kumbukumbu mbaya, au hali ya kuishi na tegemeo la mabaya, inainamisha mizani nzima. Kila kisichoeleweka kinaangukia upande mmoja. Wale panya wa Bristol vurugu zao zilikuwa za matandiko na wageni, lakini walichokosea kukisoma ni sauti za kwenye sanduku la mafunzo! Vitu viwili visivyojuana.

Ng'ombe wanaonyesha hivyo hivyo, na hii ni ya kusikitisha kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walifundisha ndama kwa skrini za rangi, nyekundu na nyeupe, rangi moja ukiisogelea unapata maziwa, nyingine ukiisogelea unakosa na unaadhibiwa kwa kusubiri. Alafu ndama wakaunguzwa vichipukizi vya pembe kwa chuma cha moto, jambo la kawaida kwenye ufugaji. Ganzi ilipoisha na maumivu yameanza, wakaonyeshwa skrini za pinki, za katikati. Walisogelea pinki mara chache kuliko kabla ya kuunguzwa. Ilichapishwa mwaka 2013. Pinki haina kosa lolote hapo. Pinki haijui hata chuma ni nini.

Basi nikapata wazo, na naomba usinicheke. Mwaka 2010 timu ya Mendl huyo huyo ilifanya jaribio la mabakuli kwa mbwa 24 wa vituo vya kuokolea wanyama huko Uingereza. Bakuli likiwekwa upande huu wa chumba lina chakula, likiwekwa upande ule ni tupu, mbwa anajifunza mpaka anakimbia kwa huku na anajikokota kwa kule. Alafu unaliweka katikati na unapima anachukua muda gani kulifikia. Mbwa waliokuwa na tabia ya kuchanganyikiwa wakiachwa peke yao, wale wa kubweka na kukwangua milango, walikwenda polepole zaidi kwa bakuli la katikati. Nikasema mi nina korido, nina bakuli, nina simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, nakosa nini?

Nilimkamatisha mdogo wangu kola ya Shaba, mi nikawa naweka bakuli. Kulia kuna chakula, kushoto hamna, bila mpangilio, asije akakariri zamu. Ilichukua siku kadhaa na viatu vyangu viwili vikanusurika kutafunwa kwenye mapumziko. Ikafika siku ambayo kulia anafika kwa sekunde 2 na kushoto anaenda kama mtu anayepeleka hela ya deni, anasimama njiani anakuna sikio, anafika kwa sababu tu hana la kufanya. Hapo nikaliweka katikati.

Alitoka kama mshale, akaenda nusu ya njia, akakata breki. Akanyanyua mguu mmoja wa mbele, ukabaki hewani. Nikawa namhesabia mguu, sio sekunde, maana ule mguu ndo ulikuwa unaniambia, unashuka kidogo, unapanda tena, unashuka. Mwisho akaukanyagisha pembeni, akazunguka bakuli kwa nyuma kwa kulipa nafasi kubwa, akalifikia akiwa kainama na shingo kainyoosha mbele huku miguu ya nyuma imebaki kule, tayari kuondoka. Sekunde 11. Jumamosi moja ambayo nyumba ilikuwa kimya na tumetoka kutembea muda mrefu, bakuli la katikati alilifikia kwa sekunde 4, na wiki ambayo mgeni mmoja alikuja na fimbo ya kutembelea, akagoma kabisa kulifuata, akalala chini pale pale kwenye mikono ya mdogo wangu.

Hiyo sio sayansi, najua. Mbwa mmoja, na mshikaji kola anajua bakuli lipi tupu (mbwa wanatusoma mikono na pumzi kuliko tunavyojisoma), na kosa kubwa zaidi, nililiweka katikati mara nyingi mno. Bakuli la katikati siku zote ni tupu, mnyama mwenye akili atajifunza hivyo, na baada ya hapo sio la katikati tena, limeshakuwa bakuli tupu linalojulikana. Wenye maabara nao wanapambana na hili, kwa hiyo huwa wanayaweka ya katikati machache sana. Ila ule mguu hewani siwezi kujifanya sikuuona.

Mtu akikuambia haya ni mambo ya wanyama wenye manyoya na macho makubwa, tunawahurumia tu, muulize kuhusu nyuki. Melissa Bateson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle mwaka 2011 walifundisha nyuki wa asali harufu mbili, moja inakuja na sukari na nyingine inakuja na kwinini chungu. Nyuki akitarajia tamu anatoa ulimi, akitarajia chungu anaubania. Alafu nusu ya nyuki wakatikiswa kwenye mashine kwa sekunde 60, kama vile mzinga umevamiwa na mnyama anayetaka asali. Baada ya hapo wakapewa mchanganyiko wa harufu zile mbili kwa viwango tofauti. Waliotikiswa walibania ndimi zao zaidi kwa mchanganyiko ulioegemea upande wa kwinini. Na damu yao ilikuwa na kiwango cha chini cha dopamini, serotonini na oktopamini, kemikali zinazofanya kazi kwenye bongo za wadudu.

Mdudu ambaye ubongo wake unaenea kwenye kichwa cha pini, ukimtikisa dakika moja anaanza kuona dunia chungu. Sasa kama ana huzuni kama yangu na yako, wenyewe watafiti wanaongea kwa tahadhari, na mi naona wanafanya vizuri. Ila hukumu yake imebadilika, hilo limepimwa. Na kinyume chake kipo: mwaka 2016 huko London, Clint Perry, Luigi Baciadonna na Lars Chittka waliwapa nyuki bambi tone la sukari la ghafla kabla ya jaribio, wakaenda haraka zaidi kwenye alama isiyoeleweka, na walipowapaka dawa inayozuia dopamini, ule uchangamfu ukapotea.

Swali ambalo nilikuwa najiuliza ni kwanini ubongo uwe umejengwa hivi. Si bora kila kitu ukipime chenyewe? Daktari mmoja wa Marekani, Randolph Nesse, anaeleza kwa mfano wa kengele ya moshi. Kengele inalia ukiunguza mkate, inakera, unapanda kwenye kiti kuipepea na taulo. Ila hakuna anayetaka kengele ambayo inasubiri mpaka ihakikishe. Gharama ya kulia bure ni kelele, gharama ya kutolia siku yenyewe ni nyumba. Sungura aliyekimbia majani yanayotikisika kwa upepo kapoteza nguvu kidogo, aliyebaki kuchunguza kama ni upepo au mbweha, siku moja anakosea na hiyo moja inatosha. Ndo maana wakasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Zamani nilidhani wanamtetea mwoga, kumbe wanapiga hesabu.

Na ukiendelea na hesabu hiyo, mnyama aliyekwisha kuumizwa ana habari ambayo mwenzake hana. Yeye anajua kwamba hapa anapoishi mabaya yapo kweli, sio ya hadithi. Akiegemea upande mbaya kwenye mambo ya katikati, kwa dunia aliyotoka, yuko sahihi kabisa. Shaba kwenye nyumba ile ya kwanza alikuwa sahihi. Tatizo alihama nyumba ila hesabu hakuihamisha. Hakuna aliyemwambia, na huwezi kumwambia.

Ila usidhani basi kila aliyepitia magumu lazima aione dunia nyeusi, maana kuna kondoo wamenivurugia hadithi yangu safi. Rebecca Doyle na wenzake, Australia, mwaka 2010, waliwafunga kondoo na kuwatenga na wenzao kwa muda, na ungetegemea watatoka hapo na hukumu nyeusi. Wakaachiwa, wakapimwa kwa ndoo za katikati, na kondoo wakasogelea ndoo zaidi kuliko ambao hawakufungwa! Maelezo ya watafiti ni kwamba huenda kuachiwa kwenyewe kulikuwa na raha ya kupitiliza, mtu katoka mahabusu kila kitu kwake leo ni sherehe. Nampenda huyo kondoo. Na inanikumbusha kwamba unachopima ni hali ya saa hiyo, sio historia nzima ya maisha.

Sasa mtu atauliza, unafanyaje. Mi nilichofanya mwanzo ni kile ambacho kila mtu angefanya, nikawa nachukua mwavuli nauweka sebuleni, nausogeza kidogo kidogo, nampa kipande cha nyama, mpaka ikafika siku naushika mkononi na Shaba amekaa tu anasubiri nyama yake. Nikajiona daktari. Siku mbili baadaye nikaushika mwavuli ule ule pale nje mlangoni, akatoweka.

Hii nayo ina maelezo yake, Mark Bouton wa Chuo Kikuu cha Vermont kaishughulikia miaka mingi sana. Unapomzoesha mnyama kitu anachokiogopa, hufuti kumbukumbu ya zamani. Unaandika mpya juu yake, na hiyo mpya imefungwa na mahali ilipoandikwa. Woga unasafiri popote, usalama una anwani. Shaba alichojifunza sio "mwavuli hauumi", ni "mwavuli wa sebuleni hauumi". Kwahiyo tukaanza upya mlangoni, alafu uani, alafu barabarani, na kila mahali ilikuwa kama hajawahi kunijua.

Kuna wanaotafuta njia ya kuigusa kumbukumbu yenyewe. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux kule New York walionyesha kwamba kumbukumbu ya woga kwa panya, ikiamshwa, inalainika kwa muda kabla ya kukaza tena, na wakiweka kwenye amigdala dawa ya kuzuia protini kutengenezwa ndani ya muda huo, woga haurudi kama ulivyokuwa. Inasisimua kusoma. Ila mi sina maabara, nina nyama na mwavuli.

Kitu kingine nilichobadilisha ni cha kijinga kidogo ila nakiamini kuliko vyote: ratiba. Nikiwafikiria wale panya wa Bristol, kilichowaharibia sio ukatili, ni kutokujua kesho kuna nini. Basi chakula saa ile ile, matembezi saa ile ile, fagio nalipitisha akiwa yuko uani, na nikiingia ndani naita jina lake kabla sijafungua mlango. Mdogo wangu anasema nyumba imekuwa kama jeshini. Yeye siku hizi ndo anamhesabia Shaba mguu, anasema "dada, leo kaunyanyua mara moja tu."

Juzi mvua imenyesha tena. Nimeita jina, nimefungua, mwavuli ninao. Shaba alisimama katikati ya korido, mkia chini lakini haukuingia ndani. Nikauegemeza mwavuli ukutani, nikauachia, nikasimama pembeni. Akaja kwa kuzunguka, kwa ile njia yake ndefu ya kupita mbali na kitu, mpaka akafika ubavuni kwangu, akanusa mkono wangu mtupu, kwanza mgongo wa mkono, alafu akausukuma kwa pua ukageuka, akanusa kiganja. Alikinusa muda mrefu kweli. Alafu akaenda kulala.